Mikono ya Wazee Mbele ya Madhabahu

Wapo watumishi wanaopinga kuingizwa kwa mila ya kale katika ibada ya ndoa, kwa hoja kwamba jambo hilo huuchafua utaratibu safi wa Kikristo. Hoja hiyo hudhani kwamba utaratibu tulio nao haukutoka katika mila yoyote. Sivyo. Kushikanisha mikono ya kuume kulikuwa desturi ya ndoa ya Warumi kabla Kanisa halijaipokea. Katika Kitabu cha Tobiti, sura ya 7, ni Ragueli, baba mzazi wala si kuhani, amshikaye binti yake mkono na kumkabidhi kwa Tobia. Luther naye, katika kijitabu chake cha ndoa cha mwaka 1529, aliziachia nchi desturi zao. Maagano na kushikanisha mikono akaviweka mlangoni pa kanisa, Neno na maombi mbele ya madhabahu.

Basi mila ya kale ya wengine imo kanisani. Iliyobaki nje ni ya kwetu. Hapa Songea posa hupelekwa na mshenga, na wazee wa pande mbili hupatana kwa siku nyingi. Lakini siku ya arusi wazee hao huketi kama wageni, na tendo lao la kukabidhiana watoto husogezwa ukumbini usiku, chini ya mshereheshaji, kati ya keki na muziki. Baada ya ibada moja niliyoiongoza, mzee mmoja aliniuliza: “Mchungaji, leo sisi tulikuwa mashahidi au watazamaji?” Sikuwa na jibu. Ndoa ile ilipotikisika, niliwaendea wazee kuomba msaada. Wakanijibu: “Uliwafungisha wewe.”

Hata hivyo hatuna budi kujihadhari. Bruno Gutmann, aliyehudumu kati ya Wachaga hadi mwaka 1938, alitaka Kanisa lijengwe juu ya mafungamano ya ukoo na ujirani. Alikuwa na haki. Ila aliyatazama mafungamano hayo kana kwamba dhambi haikuyagusa. Mila ya kukabidhi yaweza kumfanya bibi arusi kuwa mali inayohamishwa kutoka mkono hadi mkono. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hudai ridhaa ya hiari ya wote wawili, wala haifanyi mahari kuwa sharti la uhalali wa ndoa. Injili haiwezi kudai pungufu ya hapo.

Kwa hiyo napendekeza hivi: kwanza wawili waulizwe, nao wajibu wenyewe. Kisha wazee wa pande zote mbili, wanaume kwa wanawake, waweke mikono yao juu ya mikono iliyoshikana, wakiahidi kuwalea wote wawili. Bwana arusi naye akabidhiwe, si bibi arusi peke yake. Mahari yasitajwe. Ndipo mchungaji atangaze Neno na kubariki.

Mzee aliyeahidi mbele za Mungu hatasema tena, “Uliwafungisha wewe.”