Dadaab 2013: Chanjo Ilipoacha Kubisha Hodi

Mwishoni mwa Aprili 2013, mtoto wa kike wa miezi minne alipooza ghafla katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa. Vipimo vilithibitisha polio. Mwezi huohuo ugonjwa ulikuwa umezuka Mogadishu, na hadi mwaka unakwisha Somalia ilihesabu wagonjwa 194 na Kenya 14.

Matone ya chanjo yakafuata, raundi baada ya raundi. Katika kampeni za namna hiyo mchanjaji huenda hema kwa hema: matone mawili mdomoni, wino kwenye kidole cha mwisho, kisha anahamia kwa jirani. Mama hatoki hata kivulini.

Katikati ya Desemba mambo yakabadilika. Kwa siku tano, watoto wapatao 126,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano, wa kambini na wa vijiji vya jirani, walilengwa kupewa matone pamoja na sindano. Sababu yake ina mashiko: kwa mtoto aliyekwisha kunywa matone, sindano moja huinua kinga haraka, hata kwenye utumbo, ambako virusi huzaliana. Barani Afrika, kuzima mlipuko kwa chanjo hizo mbili katika kampeni moja lilikuwa jambo geni.

Lakini sindano haitembezwi kama matone. Inataka muuguzi aliyefunzwa kuchoma paja la mtoto anayejinyonganyonga, sanduku la kutupia sindano zilizotumika, na chanjo iliyohifadhiwa kwenye ubaridi bila kuganda, maana ikiganda imeharibika. Kwa hiyo vikafunguliwa vituo, na familia ndizo zikatakiwa kwenda.

Hapo ndipo mzigo ulipohama, na wapangaji wengi wa kampeni hulipima jambo hili juujuu. Mama mwenye watoto watatu wa chini ya miaka mitano ana foleni ya maji, ana siku ya mgao wa chakula, ana mgongo mmoja wa kubebea. Akisikia habari za kituo asubuhi ileile ya chanjo, amekwisha kuchelewa. Na kama mwanawe alikwisha kupewa matone mara kadhaa mwaka huohuo, ana haki ya kuuliza sindano ni ya nini tena. Swali hilo hujibiwa vizuri na kiongozi wa bloku, imamu au mhudumu wa afya anayeishi jirani naye na kuzungumza Kisomali, siku kadhaa kabla; muuguzi mwenye foleni ya watoto wanaolia hana nafasi ya kulijibu.

Familia zilikwenda. Utafiti wa kaya uliofanywa baada ya kampeni ulionyesha kuwa asilimia 92.8 ya watoto wa kambini walichanjwa, na asilimia 95.8 katika jamii zinazozunguka kambi. Kwa sindano, jangwani, ni kazi kubwa inayostahili heshima.

Hata hivyo, watoto saba katika kila mia wa kambini walikosa, na kwa idadi ya Dadaab hao ni maelfu. Wino wa kidoleni unaweza kusaidia kuwapata. Mhudumu wa bloku akipita kukagua vidole kabla timu hazijaondoka, anapata majina na mahema, na muuguzi mmoja mwenye sanduku la barafu anaweza kuwafuata siku inayofuata.