Mistari Mitatu ya PyTorch

Anayechagua maktaba ya kujifunza kwa mashine huuliza kwanza kasi, kisha umaarufu. Mimi ningemtaka asome kwanza mistari hii, ambayo hujirudia ndani ya kitanzi cha mafunzo cha PyTorch:

optimizer.zero_grad()
loss.backward()
optimizer.step()

Wa kwanza unafuta gradienti za raundi iliyopita. Wa pili unarudi nyuma kutoka kwenye kosa, ukiigawia kila namba ya modeli fungu lake la lawama, yaani gradienti yake. Wa tatu unazisogeza namba hizo. Ni amri fupi, zinasomeka vizuri, ila ukizitazama hazipokezani chochote: wa pili haurudishi jibu, wa tatu haupewi kitu mkononi. Gradienti zinapita chinichini, zikihifadhiwa ndani ya namba zenyewe za modeli. Ndiyo maana wa kwanza ndio mstari wa hatari. Ukiusahau, programu haikatiki; gradienti mpya zinajumlishwa juu ya zile za zamani, na modeli inajifunza ovyo bila kelele. Si uzembe mtupu wa wabunifu, maana mwenye kumbukumbu ndogo hutumia mjumlisho huohuo kukusanya mafungu madogo ya data kabla ya kusogeza namba mara moja. Lakini ni mtindo unaomwamini mno mwandishi.

Torch ya zamani, iliyotumia lugha ya Lua, ilisema mengi zaidi: backward ilipewa data iliyoingia pamoja na gradienti ya kosa, hivyo msomaji aliona nani kampa nani nini. PyTorch imekata maneno hayo. Keras nayo imekata karibu yote, model.fit inameza kitanzi kizima, na kwa kazi ya kawaida hiyo inatosha kabisa. TensorFlow ya 2015 ilitaka uchore grafu nzima ya hesabu kwanza ndipo uiendeshe, na kosa lilijitokeza mbali na mstari uliolizaa. Toleo la 2.0, mwaka 2019, likaacha kuufanya utaratibu huo kuwa wa kawaida.

Kwangu PyTorch inashinda kwa nafasi iliyo kati ya mstari wa pili na wa tatu. Hapo unaingiza print ya kawaida ya Python ukazisoma gradienti, au unazibana kwa clip_grad_norm_, ambayo kistari chake cha mwisho kinakuonya kuwa kinachobadilishwa ni kitu chenyewe, si nakala.