Daftari la Nyumbani la Hani Motoko

Miongoni mwa mambo yanayostahili pongezi kwa kuipa heshima kazi ya nyumbani, daftari la Kijapani liitwalo kakeibo, yaani kitabu cha kuandikia mapato na matumizi ya kaya, lina nafasi ya pekee. Lilichapishwa mwaka 1904 na Hani Motoko, aliyezaliwa mwaka 1873 na ambaye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Japani kufanya kazi ya uandishi wa habari. Ubora wake haukuwa katika kuandika tu fedha zilizokwisha kutumika, jambo ambalo hata stakabadhi ya dukani hulifanya, bali katika kumtaka mwenye nyumba akadirie kwanza bajeti, yaani kiasi kinachotengwa kwa kila fungu, kama vile chakula na mavazi, kisha aandike matumizi ya kila siku na kuyalinganisha na makadirio hayo, hivi kwamba fungu lililoanza kupungukiwa lilionekana mapema, kabla mwezi haujaisha. Kwa njia hiyo aliyepika na kufua alitambuliwa kuwa msimamizi wa mali ya kaya; na hilo, bila shaka, ndilo jambo lake kubwa zaidi. Fikra hiyohiyo iliendelea katika Jiyu Gakuen, shule aliyoianzisha Tokyo mwaka 1921 pamoja na mumewe, Hani Yoshikazu, ambako wanafunzi walijipikia chakula cha mchana na kusafisha wenyewe madarasa yao.