Mwalimu Aliyewahi Kumwachisha Mtu Kazi

Walimu wa uongozi ni wengi, lakini wachache kati yao wamewahi kuketi mbele ya mtu wakamwambia kwamba kazi yake imekwisha. Mimi huwapima kwa hilo. Mkuu wa rasilimali watu akiacha cheo na kuwa mkufunzi, huja na kitu ambacho shahada haitoi: maneno yake yamewahi kuamua kama mtu atalipa kodi ya nyumba mwezi ujao. Patty McCord wa Marekani ni mmoja wao. Aliongoza idara ya rasilimali watu Netflix tangu 1998 hadi 2012, kisha akawa mshauri wa makampuni na mwandishi. Waraka wa utamaduni wa kazi alioshiriki kuuandaa na bosi wake, Reed Hastings, slaidi zaidi ya 100 zisizo na pambo, ulitolewa hadharani mwaka 2009 na kusomwa na mamilioni.

Alichofundisha baadaye alikuwa amekwisha kukilipia. Mwaka 2001, biashara za intaneti zilipoporomoka, Netflix ilikuwa na wafanyakazi 120 hivi, ikapunguza theluthi yao. Kazi ikaongezeka, na waliobaki wakaifanya vizuri kuliko awali. Kampuni ilipoingia soko la hisa mwaka 2002, likazuka jambo gumu zaidi, maana lilimhusu mtu mmoja mwenye sura na historia. Alikuwa mtunza hesabu wa siku za mwanzo, mchapakazi, aliyefuatilia kwa makini filamu zilizokodishwa ili wenye haki walipwe sawasawa. Sasa walihitajika wahasibu wenye vyeti vya taaluma, naye hakuwa navyo. Ingekuwa rahisi kumpa cheo cha jina tu, au kumwandikia ule mpango wa kuboresha utendaji, miezi ya karatasi ambazo mwisho wake kila mtu anaujua. McCord anaiona mipango hiyo kuwa ni udanganyifu, nami nakubaliana naye kabisa. Mtunza hesabu huyo alielezwa waziwazi kilichobadilika, akapewa malipo manono ya kuagia.

Ufundi wenyewe umo katika sentensi. Meneja asiyefundishwa husema kwamba kampuni inapitia mabadiliko ya kimuundo, na anayesikiliza hutoka akijiuliza kosa lake ni lipi. Aliyefundishwa husema: kazi uliyoifanya uliifanya vizuri, kazi tunayoihitaji sasa ni nyingine, na malipo yako ni haya. Kauli ya pili inauma vilevile, ila inamwachia mtu sifa yake na ukweli wa kuondoka nao.

Wapo watakaosema huu ni ukatili uliopakwa asali, na kwamba mfanyakazi si mchezaji wa timu wa kuuzwa msimu ukiisha. Hoja hiyo ina uzito. Bila malipo ya kutosha, ukweli huo ni nusu tu, na kampuni maskini inayoiga maneno ya Netflix bila hundi yake inawadhulumu watu. Lakini kumficha mtu mwaka mzima kwamba hatakiwi hakumlindi. Kunamnyima muda wa kutafuta kwingine. Tena kanuni hiyo ya kuachana waziwazi na asiyehitajika haikumsamehe McCord mwenyewe: mwaka 2012 na yeye aliachishwa, baada ya miaka 14, na bado anaifundisha.

Wengine watasema mambo hayo ni ya California, nyumbani kwa Netflix, ambako mwajiri anaweza kumwachisha mtu bila kutoa sababu. Huku kwetu sheria inadai zaidi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake kikaoni. Sheria imeagiza mazungumzo, haikufundisha namna ya kuyafanya. Meneja anaweza kuingia na barua ya mwanasheria mkononi, asiwe na neno lake mwenyewe. Hapo ndipo mkufunzi wa aina hii anapohitajika: aketi na meneja siku moja kabla, amsikilize akiijaribu sentensi ya kwanza, na amkatize kila anapokimbilia mabadiliko ya kimuundo, mpaka aseme sababu halisi.