Njaa Ikiwa Kwenye Kiitikio

Kanisani kwetu Kayole ushuhuda una kanuni zake, ingawa hakuna aliyewahi kuziandika. Unasimama, unasema Bwana asifiwe, mara mbili kama watu wamelala. Kisha unasimulia shida kama kitu kilichokwisha: nilikuwa mgonjwa, sikuwa na kazi, mwenye ploti alikuwa ameweka kufuli yake juu ya yangu. Halafu unafika kwa "lakini Mungu". Makofi, haleluya, na mpiga kinanda anakusindikiza ukirudi kwa kiti.

Mwaka ule niliacha chuo kwa kukosa karo, mathe hakusimama hata Jumapili moja. Na huyu ni mtu ambaye hukosa sauti tu akiwa na homa. Nilimuuliza mbona. Alikuwa amejikunja juu ya beseni, anafua nguo za wenyewe. Akaniambia, "Nisimame niseme nini, na bado haijaisha?"

Hilo jibu limenifuata kila nikisikiliza gospel ya Kenya. Nyingi ya nyimbo tunazozijua kwa moyo zimejengwa vilevile kama ule ushuhuda. Dhiki inawekwa ubeti wa kwanza, inapewa mistari michache, na kiitikio kikifika tayari imebaki nyuma. Kiitikio ndicho kinachorudiwa, kwa hivyo ushindi ndio unaorudiwa. Ukiisikia kwa mat saa kumi na mbili asubuhi, ukienda kusimama nje ya geti Industrial Area kungoja kibarua, inakupa nguvu ya kushuka. Siwezi kuidharau hiyo nguvu, maana mathe ametulea watatu nayo. Shida ni kwa yule ambaye yake haijapita. Wimbo unamwacha kwa stage. Anaanza kujiuliza kama labda ni imani yake ndiyo ilikuwa ndogo, na katika Eastlands hilo swali linaweza kumwumiza mtu kuliko deni la duka.

Ndiyo maana narudi kwa Juliani. Julius Owino ni mtoto wa Dandora, na kabla ya gospel alikuwa ndani ya Ukoo Flani Mau Mau, kundi lililorap kuhusu polisi, njaa na haki kwa lugha ya huko huko. Alipookoka hakubadilisha anwani. Albamu ya 2008 aliiita Mtaa Mentality, ile ya 2011 Pulpit Kwa Street, na jina hilo la pili linasema mimbari ndiyo itembee, itoke ije tulipo. Wengi wa wenzake walikuwa wanatuita sisi ndio tupande.

Lakini wimbo ninaotaka kuuzungumzia ni Utawala. Watu wanaukumbuka kama wimbo wa siasa, na ni wa siasa kweli. Mimi kinachonishika ni mahali njaa ilipowekwa. Iko kwenye kiitikio. Msemaji hana hata cha kukaanga, na akiwa kwa hiyo hali ndiyo anaapa kwamba atalipa gharama yoyote kuliko kutazama uovu ukitawala. Kiitikio kikirudi, njaa inarudi nacho. Hakuna ubeti wa mwisho ambapo anakuja kutuambia amepata kazi na amehamia Buruburu. Anasimama akiwa na njaa, na wimbo unaisha akiwa bado nayo.

Kuna wanaouliza kama hiyo ni gospel ama ni hip hop tu iliyovaa tai. Swali la haki. Jibu langu liko kwenye Biblia ya mathe, Zaburi ya 88. Ni sala ya mtu anayelia kwa Mungu usiku na mchana, na inaishia gizani. Zaburi karibu zote za maombolezo hugeuka mahali fulani, zikapata sifa. Hii haigeuki. Haina "lakini Mungu", na bado imo, hakuna aliyeikata. Sijawahi kuisikia ikihubiriwa kwetu, labda kwa sababu mpiga kinanda angekosa pa kuingilia. Lakini yule anayeiomba hajaacha kuomba, na kwangu hiyo ndiyo imani yenyewe. Utawala uko upande huo.

Sasa, Juliani mwenyewe haukai hapo kila wakati. Exponential Potential ni ngoma kali, nimeiruka nayo kama kila mtu wa rika langu, lakini nikiisikiliza leo inaniacha baridi. Tumaini limehama kutoka kwa Mungu na kwa haki, limeingia ndani ya kijana mwenyewe, kwamba uwezo ninao, nikue tu. Ujumbe mzuri ukiwa mwaka wa kwanza na mkopo wa HELB umeingia. Ukishaacha chuo, huo uwezo unageuka kuwa deni lingine ambalo hujalipa. Na ni ushuhuda uleule tena, tofauti ni kwamba sasa "lakini Mungu" imekuwa "lakini mimi".

Kuna vitu mtaani ambavyo havisogezwi na mtazamo wa mtu, hata awe ameokoka namna gani. Mwaka 2007 UNEP, ambao makao yao makuu yako Gigiri, mji huu huu, walitoa utafiti kuhusu jaa la taka la Dandora. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa kimataifa. Mtoto kama huyo ana uwezo, ndiyo. Pia ana risasi kwenye damu, na kuna watu waliokaa ofisini wakaamua taka za mji mzima zimwagwe karibu na kitanda chake. Utawala una nafasi ya mtoto huyo, hata kama haumtaji. Exponential Potential hauna, na ni kijana wa Dandora aliyeimba zote mbili. Simlaumu sana. Kukaa gizani na Zaburi ya 88 kunachosha, na msanii pia hulipa kodi ya nyumba.

Mwaka uliofuata mathe alisimama. Hakuwa amenionya. Akasema Bwana asifiwe, mara moja tu. Akasema mtoto wake ameacha chuo, yuko nyumbani anaandika vitu kwa simu ambavyo yeye haelewi, kodi ya miezi miwili haijalipwa, na yeye anaendelea kuomba. Mchungaji alikuwa ametabasamu, anangoja. Mpiga kinanda alikuwa ameweka vidole tayari. Mathe akawatazama wote wawili, akasema, "Ni hayo tu," akaketi.