Daraja la Kufika Kitandani

Nilipokuwa mkufunzi mgeni wa wauguzi, nilihudhuria semina moja tulikooneshwa picha ya ubongo uliogawanywa kama chungwa: kushoto hesabu, kulia sanaa. Tukaambiwa tuwagawe wanachuo vivyo hivyo, huyu ajifunze kwa kuona, yule kwa kusikia. Nilirudi chuoni kama niliyepewa ufunguo. Leo nakiri kwamba niliwapotezea vijana wa watu muda wao.

Mwaka 1997 Mmarekani John Bruer aliandika makala akidai kwamba kutoka kwenye sayansi ya ubongo moja kwa moja hadi darasani ni daraja refu kupita kiasi. Heri, alisema, tupitie kwanza saikolojia ya namna watu wanavyofikiri na kukumbuka. Nilipoisoma nilikasirika, kisha nikanyamaza. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za mitindo ya kujifunza, wasione ushahidi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi hivyo.

Njia ya Bruer ina faida. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionesha kwamba waliosoma kifungu tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5. Lakini baada ya wiki 1 waliowashinda ni wale waliofunga maandishi na kujipima.

Hapo nilimkumbuka binti mmoja aliyekariri hatua za kumwongezea mgonjwa damu bila kukosea neno. Siku moja wodini mgonjwa alianza kutetemeka huku damu ikiingia. Binti akasimama, akanitazama. Sista wa zamu ndiye aliyewahi kuifunga damu ile, na mgonjwa akapona. Nilimgombeza binti yule. Kumbe wa kugombezwa nilikuwa mimi: sikuwahi kumuuliza ghafla, daftari likiwa limefungwa, "Mgonjwa anatetemeka. Unaanza na lipi?"

Lakini na Bruer naye nina neno naye. Saikolojia anayoisifu mara nyingi hupimwa kwa watu waliokaa mezani na karatasi zao. Wodini kuna hofu, kelele, na ndugu wa mgonjwa wanaokutazama mikono. Kwa muuguzi, daraja haliishii darasani, linaishia kitandani. Kipande hicho cha mwisho hakuna mtaalamu wa ng'ambo atakayetujengea. Ni sisi wakufunzi, tukikubali kuacha ubao na kusimama pale pamoja nao.