Muvi ya Kibugu Itauzwa na Nani?

Kuna uongo mtamu ambao sisi watu wa simu tumelishwa hadi tukashiba: kwamba siku hizi yeyote anaweza kutengeneza filamu. Nusu yake ni kweli. Simu ninayoandikia haya inapiga picha safi kuliko kamera za harusi nilizokuwa nikiziona Embu mjini nikiwa mtoto. Programu za kuhariri ziko za bure. Ukitaka ukungu, Kibugu iko kwenye mteremko wa Mlima Kenya, ukungu utapewa hata kama hukuuandika kwenye skripti. Uongo uko kwenye ile nusu isiyosemwa, kwamba ukishamaliza watu watakuja. Hawaji. Wanaletwa, na ukichunguza vizuri utakuta aliyewaleta ni mtu mwenye mdomo.

Nasema hivi nikiwa na filamu ya dakika arobaini na moja ndani ya flashi, imekaa tangu mwezi wa nne. Ni ya Kiembu, tumeipiga kati ya mashamba ya majani chai na soko la Kibugu, waigizaji ni majirani. Sitaipigia debe hapa. Ila imenipa swali, na swali hilo limenirudisha kwenye filamu ambazo wengi wenu mmeziona, nikazitazama upya kama mtu anayetafuta jinsi ya kulipa deni.

Chukua Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka 2018, ikaonyeshwa Berlin, kisha ikapelekwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar. Jo ana miaka tisa, ni mgonjwa ambaye hatapona, na mama yake anamrudisha nyumbani kijijini. Dada yake, Mwix, anajua vile mtoto anavyopenda mashujaa wa sinema. Anaanza mchezo. Kijiji kinaingia kidogo kidogo, watu wanajifanya Jo ana nguvu za ajabu, na mwisho wanaamua kumtengenezea filamu yeye akiwa shujaa. Mara ya kwanza nililia, sikatai. Mara ya pili niliitazama na kalamu mkononi.

Kile kijiji kinafanya kazi bure. Watu wanaacha shughuli zao, wanashona nguo za shujaa, wanaigiza, na hakuna anayeuliza nauli. Kwenye hadithi inaeleweka, mtoto anakufa, nani ataomba nauli? Lakini hii ndiyo picha ya filamu ya kujitegemea ambayo tumeipenda kupita kiasi: upendo ukiwepo, pesa si hoja. Na filamu yenyewe haikutengenezwa hivyo. Ilitoka kwa One Fine Day Films, kampuni iliyoanzishwa na Tom Tykwer wa Ujerumani na Marie Steinmann, wale wale waliokuwa nyuma ya Nairobi Half Life ya 2012 na Kati Kati ya 2016. Ni filamu ya kijiji kisicho na pesa, iliyotengenezwa na watu waliokuwa nazo. Sisemi kwa ubaya. Bila pesa hizo hatungekuwa na Supa Modo. Nasema tu kwamba kijana wa Kianjokoma au Runyenjes anayeitazama akidhani ni maelekezo, atabaki na deni la chakula cha waigizaji kumi na wawili.

Lakini kuna jambo moja ambalo Supa Modo imelipatia kuliko semina zote za filamu nilizowahi kukaa. Wale wanakijiji wanajua filamu yao ni ya nani. Ina jina, ina umri, inajulikana inapenda nini. Kila uamuzi, adui awe nani, shujaa aruke vipi, unapimwa kwa mtoto mmoja. Sasa muulize yeyote kati yetu anayepiga filamu kwa simu anamtengenezea nani. Atakwambia Netflix. Hiyo Netflix iliwahi kuwa na mpango wa bure kwa simu za Android hapa Kenya, ukaanza 2021, na 2023 ukafungwa. Waliokuwa wakitazama bure waliamka siku moja mlango umefungwa, na hakuna mtengenezaji filamu hata mmoja aliyebaki na namba zao za simu.

Wakaliwood hawakungoja mlango wa mtu. Kama hujaona Who Killed Captain Alex? acha kusoma, nenda YouTube, rudi baadaye. Nabwana Isaac, mtu aliyekuwa akifyatua matofali, aliitengeneza Wakaliga, mtaa wa Kampala, kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe na bunduki zilizochomelewa kutoka vyuma chakavu. Bajeti inayotajwa kila mahali ni chini ya dola 200. Trela ilipandishwa YouTube mwaka 2010 na dunia ikapagawa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaisimulia. Mimi napenda sehemu mbili ambazo husimuliwa haraka haraka.

Ya kwanza ni jinsi walivyouza. Waigizaji wenyewe walitembea nyumba kwa nyumba na DVD mkononi, wakigawana mapato, wakikimbizana na wezi ambao wangenakili kazi ndani ya siku chache. Fikiria unagonga mlango, mama anafungua, anakuona ni wewe uliyepigwa risasi dakika ya ishirini. Atakosa kununua? Hapo uigizaji na uchuuzi ni kazi moja. Wengi wetu tunaona aibu kuchuuza. Tunataka kuitwa wasanii, kuuza auze mwingine, halafu tunashangaa huyo mwingine akikaa na pesa.

Ya pili ni VJ Emmie. Filamu ilipowekwa nzima mtandaoni mwaka 2015, ilikuwa na sauti yake juu yake mwanzo hadi mwisho, anatania, anasifu, anawaonya wahusika, anatangaza filamu zijazo katikati ya vita. Na hakuna nyingine. Nakala asili ilifutwa ili kupata nafasi kwenye kompyuta ya kutengenezea filamu iliyofuata. Kwa hiyo ile tunayoiita Captain Alex ni filamu pamoja na mtu anayeiuza, havitenganishwi tena. Wahakiki wa nje hupenda kumsifu VJ kama mzaha mzuri wa Kiafrika. Kwangu ni fundi anayetatua tatizo. Ukitazama picha bila kumsikiliza, utaona ni sehemu ngapi ambapo kisa kimekatika au mtu ametoweka bila sababu. VJ anaziba. Sauti mbovu anaifunika, lugha isiyoeleweka anaifungua, dakika ya kuchosha anaijaza kelele. Yeye ni mhariri wa pili, anayefanya kazi mbele ya watazamaji.

Waliofika baadaye walikuja na pesa. Mwaka 2015 Wakaliwood waliomba dola 160 kwa mchango wa Kickstarter wakapata zaidi ya 13,000. Nilifurahi kama kila mtu, lakini sipendi kila kicheko ninachokisikia kwenye mapenzi hayo ya ughaibuni. Kuna anayecheka pamoja na Nabwana, na kuna anayemcheka. Tofauti yao haionekani kwenye idadi ya watazamaji. Ile DVD ya mlangoni ilikuwa na faida hii: ukichekwa, unachekwa na mtu anayekujua, na kesho utamkuta kisimani.

Huku kwetu VJ tunamwita DJ, na hahitaji utambulisho. Kizazi changu kilijua sauti ya DJ Afro kabla hakijajua jina la mwigizaji yeyote wa Hong Kong. Tulikaa kwenye mabanda ya mabati tukitazama watu wanaopigana kwa lugha tusiyoijua, na yeye akawapa majina, tabia, hata ukoo. Ukimwuliza mwenye banda jana ameonyesha nini, hakwambii jina la filamu, anakwambia ilikuwa ya Afro. Kuna hoja halali kwamba alijenga jina juu ya kazi za wenyewe, na hoja hiyo isifichwe chini ya kapeti kwa sababu tunampenda. Lakini kama somo la kujenga hadhira, sijaona linalomshinda. Watu walimfuata yeye kutoka filamu hadi filamu. Sisi tunataka wafuate filamu moja, mara moja, halafu watusahau.

River Road ilielewa hili mapema. Zile komedi za Kikuyu za kina Machang'i na Kihenjo, zilizotuchekesha ndani ya matatu za Embu, ziliuzwa kwa sura ya mchekeshaji kwenye jalada. Kiembu na Kikuyu vinasikilizana, kwa hiyo tulicheka kwa lugha ya jirani, tukalipa kwa pesa zetu. Kisha DVD zikafa. Wanakili walizijeruhi, YouTube ikamaliza. Mtazamaji aliyekuwa akinunua diski sasa anatazama bure, na mwenye kazi anasubiri senti za matangazo ambazo mtu wa vijijini, mwenye bando la shilingi ishirini, hazizai kwa wingi. Abel Mutua alipitia njia tofauti: kwanza akakaa mbele ya kamera akisimulia stori, miaka, hadi watu wakawa wake, ndipo akawauzia filamu, Click Click Bang, mwaka 2022. Ni mfano mzuri, ila tusijidanganye. Sura yake tayari ilikuwa imeingia kila sebule kupitia Tahidi High. Hakuanzia sifuri.

Sasa Kiembu. Nimeambiwa mara nyingi, na watu wanaonitakia mema, nipige kwa Kiswahili au Kiingereza ili nifike mbali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 608,599 katika kaunti ya Embu. Punguza watoto, punguza wageni, punguza wasiopenda filamu, bado wanabaki wengi kuliko viti vya kumbi zote za sinema Nairobi. Hao hawajawahi kuhesabiwa kama soko la filamu kwa sababu hakuna mtu aliyewauzia kitu. Redio imewahesabu, Wimwaro FM inaongea nao kila asubuhi. Na hapa nakataa wazo la kwamba lugha ndogo ni kizuizi. Inafanya kazi ya Jo. Inakwambia filamu ni ya nani.

Kinachoua filamu zetu si lugha, ni sauti. Nirudie, sauti. Kila mtu anataja Tangerine ya Sean Baker, ya 2015, iliyopigwa kwa iPhone 5s, kama ushahidi kwamba simu inatosha. Wanasahau kutaja kwamba sauti haikurekodiwa na simu. Kulikuwa na fundi wa sauti na vifaa vyake. Nimetazama filamu fupi nyingi za vijana wa Meru na Embu, na mtazamaji husamehe picha yenye giza, husamehe hata mwigizaji anayeangalia kamera. Mvua ikianza kupiga mabati mazungumzo yakapotea, anafunga. Kama una elfu tano tu, usinunue taa. Nunua maikrofoni.

Kuna sheria pia, ile ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyoandikwa wakati kamera ilikuwa kitu cha kubebwa na gari. Mwaka 2018 Bodi ya Filamu iliwatangazia hata wanaopandisha video mitandaoni kwamba wanahitaji leseni, wasee wakawaka, na hali ya sintofahamu imebaki. Mwaka huo huo Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyokuwa imepigwa marufuku, ilifunguliwa na mahakama kwa siku saba tu. Watu walijaa Prestige. Kando na haki yenyewe, ambayo ndiyo jambo kubwa pale, niliona kitu cha kibiashara: siku saba. Filamu iliyo YouTube iko pale daima, ndiyo maana hakuna anayeitazama leo. Iliyo na mwisho ina foleni.

Kwa hiyo tumepanga hivi. Filamu haiendi YouTube mwaka huu. Itaonyeshwa Kibugu kwanza, kwenye banda la mpira, mara tatu, halafu basi. Tunangoja bonasi ya majani chai, ambayo kwa kawaida huingia karibu na mwezi wa kumi, kwa sababu mtu wa Embu aliyepeleka majani Mungania au Rukuriri mwaka mzima ana hamsini ya kucheza nayo wiki hiyo, na wiki tatu baadaye hana. Kiingilio ni hamsini kwa M-Pesa. Anayelipa kwa simu anatuachia namba, na tutamwuliza kama anataka kujulishwa nyingine ikitoka. Hilo ndilo ninalolitaka zaidi ya hiyo hamsini. Mapato yanagawanywa usiku huo huo, mbele ya wote, waigizaji kwanza, mafuta ya jenereta pili, mimi mwisho. Baada ya Kibugu tunajaribu Manyatta, kisha Runyenjes, na mmoja wa waigizaji lazima awe mlangoni kila mara.

Pia tumempata mtu wa kusimulia juu yake. Ni kondakta, mdomo wake unajulikana kuanzia stendi ya Embu hadi huku. Tulikuwa na mjadala mrefu kama filamu ya Kiembu, kwa watu wa Kiembu, inahitaji msimulizi. Mwenzangu anayehariri alisema ni kuharibu kazi. Tukamwacha kondakta aitazame mara moja, kisha aisimulie papo hapo, tukiwa sita chumbani. Kwenye dakika ya kumi na nane, pale mvua inapofunika maneno ya bibi, akasema alichodhani bibi amesema. Hakikuwa kwenye skripti. Kilikuwa kizuri kuliko skripti, na mhariri mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza.

Mwenye banda ametukatalia Jumamosi. Kuna Arsenal. Tumechukua Jumanne.